Dhahabu ya Rosterman, Jivu la Maharagwe na Metali za Alkali: Maswali na Majibu ya Kemia

Maswali haya ni ya watahiniwa wa KCSE wanaorudia mada ya makundi ya elementi, ile inayosomwa Kidato cha Pili kisha ikajitokeza tena katika karatasi za 233/1 na 233/2. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini aliyeielewa sababu vizuri ataieleza kwa lugha yoyote. Nimewalenga wanafunzi wa Kakamega, kwa hiyo mifano mingi ni ya hapa kwetu.

Swali la 1. Taja metali za alkali na useme zinafanana kwa jambo gani.

Lithiamu (2.1), sodiamu (2.8.1), potasiamu (2.8.8.1), rubidiamu, siziamu na fransiamu. Zote zimo katika Kundi la Kwanza, na mzingo wa nje wa kila atomu una elektroni moja. Ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Uso uliokatwa hung'aa, kisha hufifia upesi kwa sababu ya hewa. Fransiamu, iliyotambuliwa na Marguerite Perey mjini Paris mwaka 1939, ni kinururifu na nadra mno, kwa hiyo usipoteze muda nayo. Haidrojeni nayo ina elektroni moja na mara nyingi huchorwa juu ya kundi hili, lakini si metali ya alkali.

Swali la 2. Wachimbaji wa Kakamega walikuta dhahabu ikiwa metali tayari ndani ya mwamba. Kwa nini hakuna aliyewahi kuchimba kipande cha sodiamu?

Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson aligundua dhahabu Kakamega, na punde si punde watafutaji wakamiminika. Mgodi wa Rosterman, pembeni mwa mji, ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na mpaka leo wapo watu wa Ikolomani wanaovunja mawe na kuchekecha mchanga wakitafuta dhahabu. Miamba inayobeba dhahabu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Muda wote huo dhahabu imekutana na maji, hewa na joto la ardhini, nayo imebaki dhahabu.

Sodiamu haiwezi kustahimili hata dakika chache katika hewa yenye unyevu bila kupoteza mng'ao. Ikigusa maji inakuwa haidroksaidi, ikigusa oksijeni inakuwa oksaidi. Ndiyo maana tunaikuta duniani ikiwa imekwisha kuungana na elementi nyingine: katika chumvi ya bahari, katika magadi ya Ziwa Magadi, na katika madini ya matale. Jiwe Linalolia la Ilesi, lile linalosimama karibu na barabara ya Kisumu, ni la matale, na ndani ya matale mna potasiamu na sodiamu nyingi zilizofungwa na silika na alumini. Ukiligusa jiwe hilo, unagusa ioni za metali za alkali ambazo zilishapoteza elektroni zake zamani sana.

Kwa alama mbili, andika hivi: sodiamu haipatikani peke yake kwa sababu humenyuka kwa urahisi na hewa na maji, dhahabu hupatikana peke yake kwa sababu haimenyuki navyo.

Swali la 3. Eleza kwa nini metali za alkali humenyuka kwa nguvu.

Wanafunzi wengi hujibu: "Kwa sababu zina elektroni moja kwenye mzingo wa nje na zinataka kuwa thabiti kama gesi adimu." Jibu hili si baya, lakini linataja mwisho wa safari na kuacha sababu ya safari. Jibu lenye alama zote hutaja mambo matatu: umbali wa elektroni ya nje kutoka kwenye kiini, ukingaji wa elektroni za ndani, na udogo wa nishati inayohitajika kuing'oa elektroni hiyo.

Chukua sodiamu. Kiini chake kina protoni 11. Elektroni ya nje inavutwa na protoni hizo, lakini kati yake na kiini zimo elektroni 10 za mizingo miwili ya ndani, nazo hupunguza mvuto. Mvuto unaoifikia elektroni ya nje unakaribia ule wa protoni 2 hivi, si 11. Tena elektroni hiyo iko mbali: atomu ya sodiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.186, kubwa kuliko ya magnesiamu, alumini na zote zinazofuata katika safu yake hadi klorini. Ndiyo maana kilojuli 496 kwa moli zinatosha kuing'oa, ilhali klorini, ambayo iko safu hiyo hiyo, huhitaji kilojuli 1251. Nishati hii ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu iliyo katika hali ya gesi ndiyo inayoitwa nishati ya uionishaji. Kariri maana yake pamoja na maneno "hali ya gesi", kwa sababu maneno hayo hubeba alama.

Swali la 4. Shaba (2.8.18.1) na dhahabu (2.8.18.32.18.1) nazo zina elektroni moja kwenye mzingo wa nje. Mbona hazimenyuki kama potasiamu na siziamu?

Hili ndilo swali ninaloliona muhimu kuliko yote hapa, kwa sababu linampima aliyeelewa na aliyekariri. Ikiwa sababu ni "elektroni moja ya nje" peke yake, basi pete ya dhahabu ingewaka moto mtu anaponawa mikono.

Linganisha potasiamu na shaba. Zote zina elektroni moja katika mzingo wa nne. Tofauti ni kwamba shaba ina protoni 10 zaidi katika kiini (29 dhidi ya 19) na elektroni 10 zaidi katika mzingo wa tatu. Kama kila elektroni ya ndani ingekinga protoni moja kikamilifu, mambo yangelingana. Lakini zile elektroni 10 hukinga vibaya. Sehemu ya mvuto wa protoni zilizoongezeka hupenya hadi nje na kuivuta elektroni ya mwisho karibu na kiini. Atomu ya potasiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.227, ya shaba 0.128. Nishati ya uionishaji ya potasiamu ni kilojuli 419, ya shaba ni 745.

Siziamu na dhahabu zina tofauti kubwa zaidi, na hapo ndipo dhahabu ya Rosterman inapopata maelezo yake. Elektroni ya nje ya kila moja iko mzingo wa sita. Dhahabu ina protoni 24 zaidi na elektroni za ndani 24 zaidi kuliko siziamu, na elektroni hizo hukinga vibaya vile vile. Matokeo yake ni kilojuli 376 kwa siziamu na 890 kwa dhahabu.

Kuna gharama ya pili ambayo vitabu vya shule huigusa kwa juu juu tu. Kabla atomu haijapoteza elektroni, lazima itengwe na wenzake katika metali ngumu. Metali za alkali zimeshikana kwa ulegevu kwa sababu kila atomu kubwa inachangia elektroni moja tu: siziamu huyeyuka kwa nyuzi 28 za Selsiasi, dhahabu kwa nyuzi 1064. Kutenganisha moli moja ya atomu za siziamu hugharimu kilojuli 76 hivi. Dhahabu hugharimu karibu 368. Jumlisha gharama zote mbili: siziamu 452, dhahabu 1258. Hakuna maji wala oksijeni ya kawaida inayoweza kulipa gharama hiyo ya dhahabu.

Swali la 5. Je, ni kweli kwamba atomu ya sodiamu "hupenda" kutoa elektroni?

Hapana. Kuing'oa elektroni hutumia nishati, na sodiamu ikiachwa peke yake haitaitoa kamwe. Wala klorini hailipi gharama yote inapoipokea. Tazama hesabu ya kutengeneza moli moja ya chumvi ya mezani, kwa kilojuli:

Kutenganisha atomu za sodiamu: +108
Kung'oa elektroni: +496
Kuvunja nusu moli ya molekuli za klorini: +122
Klorini kupokea elektroni: −349
Ioni kushikana na kuwa fuwele: −788
Jumla: −411

Fuata hesabu hiyo hadi mstari wa nne: bado tuna deni la kilojuli 377. Ni kama mama wa soko la Khayega aliyekopa ili anunue mboga. Anayemaliza deni na kuacha faida ni mnunuzi wa mwisho. Hapa mnunuzi wa mwisho ni kule kushikana kwa ioni chanya na ioni hasi. Kwa hiyo useme hivi: sodiamu humenyuka kwa nguvu kwa sababu gharama ya kuifanya ioni ni ndogo, na nishati inayotoka ioni zinaposhikana (au zinapozungukwa na maji) ni kubwa kuliko gharama hiyo. Mpangilio wa gesi adimu unaeleza jambo jingine, nalo ni kwa nini mchakato unakoma kwenye elektroni moja.

Swali la 6. Kwa nini sodiamu haitengenezi ioni yenye chaji +2?

Elektroni ya pili imo katika mzingo wa ndani uliojaa, karibu na kiini. Kuing'oa huhitaji kilojuli 4562, zaidi ya mara tisa ya ile ya kwanza. Hakuna fuwele inayorudisha nishati kiasi hicho.

Swali la 7. Eleza mabadiliko ya umenyukaji unaposhuka katika kundi.

Umenyukaji huongezeka. Kila hatua chini huongeza mzingo mmoja. Elektroni ya nje huwa mbali zaidi na hukingwa zaidi, hivyo nishati ya uionishaji hupungua: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, siziamu 376. Kiini huongezeka protoni pia, na mtahini anaweza kukuuliza mbona ongezeko hilo halileti mvuto mkubwa. Jibu ni kwamba umbali na ukingaji hulishinda.

Swali la 8. Taja mambo utakayoyaona kipande kidogo cha sodiamu kinapotiwa katika beseni la maji.

Kinaelea, kinayeyuka na kuwa kitone cha mviringo kinachong'aa, kinakimbia huku na huko juu ya maji, kinatoa sauti ya kuchemka, kinapungua hadi kuisha. Litmasi nyekundu ikitiwa katika maji hayo hugeuka buluu.

2Na + 2H₂O → 2NaOH + H₂

Usiandike "gesi ya haidrojeni inatoka" ukiulizwa ulichokiona. Macho huona mapovu. Haidrojeni ni hitimisho. Potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau hafifu, kwa kuwa joto linatosha kuiwasha haidrojeni. Lithiamu huelea na kutoa mapovu taratibu bila kuyeyuka.

Na tafadhali, jambo hili hufanywa na mwalimu, kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, wanafunzi wakiwa mbali na macho yamekingwa. Kamwe metali hizi hazitiwi katika asidi.

Swali la 9. Je, lithiamu hutoa joto dogo kuliko sodiamu inapomenyuka na maji?

Wengi hujibu "ndiyo" bila kufikiri, na wanakosea. Kwa kila moli ya metali, lithiamu hutoa kilojuli 222 hivi, sodiamu 184, potasiamu 196. Lithiamu inaongoza. Ioni yake ni ndogo sana, kwa hiyo molekuli za maji huisogelea karibu na kuishika kwa nguvu, na huko kuzungukwa na maji hutoa takriban kilojuli 520 kwa moli, ilhali ioni kubwa ya potasiamu hupata 320 hivi.

Basi kwa nini lithiamu ndiyo pole kuliko zote? Kwa sababu kasi na kiasi cha joto ni vitu viwili tofauti. Lithiamu huyeyuka kwa nyuzi 180, kwa hiyo hubaki kigumu juu ya maji na uso wake hauongezeki. Sodiamu huyeyuka kwa nyuzi 98, potasiamu kwa nyuzi 63. Joto la mmenyuko linatosha kuziyeyusha, uso mpya unafunuliwa kila mara, na mambo yanazidi kwenda kasi. Tena kizingiti cha kuanza ni kidogo zaidi elektroni inapong'oka kwa urahisi. Tunaposema umenyukaji huongezeka chini ya kundi, tunazungumzia kasi na ukali, wala si joto la kila moli.

Swali la 10. Mlipuko wa sodiamu au potasiamu majini unatokana na haidrojeni kuwaka peke yake?

Kwa KCSE, haidrojeni na joto vinatosha. Lakini lipo fumbo: mapovu ya haidrojeni yangepaswa kuitenga metali na maji na kuupooza mmenyuko. Mwaka 2015 watafiti wakiwemo Pavel Jungwirth na Philip Mason wa Prague walichapisha katika jarida la Nature Chemistry picha za kamera yenye kasi kubwa, wakitumia tone la mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, ambao ni kimiminika hata bila kupashwa moto. Chini ya milisekunde moja baada ya tone kugusa maji, miiba ya metali ilichomoza kila upande. Maelezo yao ni kwamba elektroni huhama kutoka kwenye metali kuingia majini haraka mno, ioni chanya zinabaki zimesongamana, zinasukumana, na tone linajirarua. Uso mpya unakutana na maji na mlipuko unafuata. Elektroni ile ile iliyoshikwa kwa ulegevu, tuliyoieleza tangu Swali la 3, ndiyo chanzo.

Swali la 11. Kwa nini sodiamu na potasiamu huhifadhiwa katika mafuta ya taa, na lithiamu je?

Mafuta ya taa huzuia hewa na unyevu. Sodiamu (gramu 0.97 kwa sentimita ya ujazo) na potasiamu (0.86) huzama ndani yake. Lithiamu (0.53) huelea na kubaki wazi, kwa hiyo hupakwa jeli nzito ya mafuta. Lithiamu pia humenyuka na naitrojeni ya hewa, 6Li + N₂ → 2Li₃N, jambo ambalo sodiamu na potasiamu hazifanyi katika hali ya kawaida.

Swali la 12. Jivu la maganda ya maharagwe lina potasiamu nyingi, nasi hulimiminia maji kutengeneza musherekha. Mbona hakuna mlipuko?

Swali zuri, na jibu lake ndilo mada yote kwa kifupi. Mharagwe ulifyonza potasiamu kutoka udongoni ikiwa ioni, K⁺. Ganda likikaushwa na kuchomwa, potasiamu hiyo hubaki katika jivu, hasa ikiwa kaboneti ya potasiamu, K₂CO₃. Jivu likitiwa katika chombo chenye matundu na maji yakamiminwa juu, kaboneti huyeyuka na kudondoka chini ikiwa kioevu cha rangi ya kahawia, musherekha, unaolainisha mrenda, kunde na mboga nyingine za kienyeji. Elektroni ya nje ilishaondoka zamani. Hakuna kilichobaki cha kulipuka. Kinachobaki ni alkali: ioni za kaboneti huchukua haidrojeni kutoka kwa maji na kuacha ioni za haidroksaidi. Ukichovya litmasi nyekundu katika musherekha, itageuka buluu. Ni jaribio la bei nafuu ambalo shule yoyote ya Kakamega inaweza kulifanya, na ningependa kuona likifanywa kila mwaka.

Kuirudisha elektroni ndiyo kazi ngumu. Ulaya nako potashi ilitolewa kwenye majivu kwa karne nyingi bila mtu kuiona metali iliyomo. Oktoba 1807 huko London, Humphry Davy alipitisha umeme wa betri kubwa katika haidroksaidi ya potasiamu iliyokuwa na unyevu kidogo. Vitone vinavyong'aa kama zebaki vikachomoza, vingine vikashika moto palepale. Binamu yake Edmund, aliyemsaidia maabarani, alisimulia kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia hiyo hiyo.

Swali la 13. Gramu 2.3 za sodiamu zinamenyuka zote na maji. Tafuta ujazo wa haidrojeni katika joto na mgandamizo wa chumba (Na = 23; moli moja ya gesi = lita 24).

Moli za sodiamu: 2.3 ÷ 23 = 0.1. Kwa mlinganyo wa Swali la 8, moli 2 za sodiamu hutoa moli 1 ya haidrojeni, hivyo moli za haidrojeni ni 0.05. Ujazo: 0.05 × 24 = lita 1.2. Hesabu hii ni ya karatasi tu, gramu 2.3 ni nyingi mno kwa beseni la darasani.

Swali la 14. Elementi P, Q na R zimo katika Kundi la Kwanza. Nusu kipenyo cha atomu ni P 0.227, Q 0.152 na R 0.186, kwa nanomita. (a) Zipange kuanzia inayomenyuka zaidi. (b) Ioni ya R itakuwa kubwa au ndogo kuliko atomu yake? Toa sababu.

(a) P, R, Q. Atomu kubwa zaidi ina elektroni ya nje iliyo mbali zaidi na iliyokingwa zaidi, hivyo hung'olewa kwa nishati ndogo zaidi. (b) Ndogo zaidi. Nusu kipenyo cha R ni kile cha sodiamu (Swali la 3). Elektroni ya nje ilikuwa peke yake katika mzingo wa tatu. Ikiondoka, mzingo mzima umeondoka, na protoni 11 sasa zinavuta elektroni 10. Nusu kipenyo hushuka kutoka 0.186 hadi takriban 0.102.